Alizeti pori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ua la njano la kando ya barabara

Ukipanda kutoka Kisumu kuelekea Kakamega wakati mvua kubwa zimeshakatika, kingo zote za barabara hugeuka njano. Wengi hupita wakidhani kwamba wameona alizeti zilizotoroka shambani, na wengine hawajui kuwa mmea huo umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi na wataalamu wa udongo. Maswali yaliyomo humu ndiyo ambayo wakulima, walimu wa shule na majirani huuliza mara kwa mara kuhusu mmea huu, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Tithonia diversifolia. Majibu hayakupangwa kwa urefu sawa, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Alizeti pori ni mmea wa namna gani?

Ni mmea wa kudumu wa jamii ya alizeti, wenye mashina mengi yanayochipuka kutoka kwenye shina moja la chini, na ambao kwa kawaida hufikia urefu wa kati ya mita 1.5 na 3, ingawa mahali penye unyevu na rutuba unaweza kumzidi mtu mara mbili. Majani yake ni mapana, yana vinyweleo upande wa chini, na yamegawanyika katika ndimi tatu hadi tano, huku majani mengine ya mmea huohuo yakiwa hayakugawanyika kabisa. Tofauti hiyo ya majani katika shina moja ndiyo iliyoupa mmea sehemu ya pili ya jina lake la kisayansi, kwa maana "diversifolia" ni wenye majani ya namna mbalimbali. Sehemu ya kwanza imetokana na Tithonus, mwana wa mfalme wa Troya katika hadithi za Wagiriki wa kale, ambaye alipendwa na mungu wa kike wa mapambazuko.

Shina likishakomaa sehemu yake ya chini huwa ngumu kama mti, na hapo ndipo watu hubishana kama tuuite ua la mwituni au kichaka. Mabishano hayo hayana faida kubwa, kwa kuwa ukiufyeka leo utachipua tena kama majani ya kawaida.

Je, ni alizeti kweli?

Hapana, ila ni ndugu wa karibu. Alizeti ya mafuta ni mmea wa msimu mmoja: hupandwa, huchanua, hukomaza mbegu na kufa. Alizeti pori huishi miaka mingi mahali pamoja, na mbegu zake ni ndogo mno, hazikamuliwi mafuta. Mimea yote miwili ina desturi ya jamii yake ya kukusanya maua mengi madogo sana juu ya kitako kimoja, kiasi kwamba kile tunachokiita ua moja ni umati wa maua. Ukichuma ua la alizeti pori na kulipasua katikati kwa ukucha, utaona vijiua vyembamba vya rangi ya dhahabu vimesimama bega kwa bega, na kila kimoja, kikichavushwa, hutoa mbegu moja. Zile ndimi ndefu za njano za pembeni, ambazo huwa kati ya saba na kumi na nne, kazi yake kubwa ni kuwaita wadudu.

Kwa nini ina majina mengi?

Kwa Kiswahili huitwa alizeti pori au alizeti mwitu. Magharibi mwa Kenya husikika zaidi majina yenye kutaja uchungu: Waluo husema "maua makech" na Waluhya "maua amalulu", na yote mawili maana yake ni maua machungu. Anayetaka kujua sababu aguse jani kwa ncha ya ulimi. Uchungu wake hauishi upesi, na mtu aliyekata majani asubuhi nzima atauonja tena mchana kwenye ugali wake asiponawa mikono kwa sabuni.

Mmea huu ulitoka wapi?

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Wanabotania waliuingiza katika vitabu vyao mwaka 1881, pale Mwingereza William Hemsley alipoueleza kwa mara ya kwanza, na mwaka 1883 Mmarekani Asa Gray akaupa jina unaloitwa hadi leo. Ulisambazwa katika nchi za joto za Afrika na Asia kama ua la pambo, ukapandwa kuzunguka nyumba, kisha ukatoka nje ya nyua na kushika barabara. Neno lenyewe linacheka hapa: ua hili lililetwa liwe ua la kutazamwa, watu wakaligeuza kuwa ua wa kuzungushia boma.

Nitaitofautishaje na mimea mingine yenye maua ya njano?

Mmea unaochanganywa nayo zaidi ni binamu yake, Tithonia rotundifolia, lakini huo maua yake ni ya rangi ya chungwa iliyokolea karibu na nyekundu, na ni wa msimu. Kishona nguo ana maua madogo yenye ndimi nyeupe au asiwe na ndimi kabisa, na mbegu zake hung'ang'ania suruali. Alizeti pori haifanyi hivyo. Gugu karoti, linalowasumbua wafugaji wa Arusha na maeneo mengine, lina vichwa vidogo vyeupe na majani yaliyochanika kama ya karoti, kwa hiyo hakuna haja ya kulichanganya na mmea huu.

Unaohitaji jicho la makini ni jamii ya Aspilia, maua ya njano ya asili ya Afrika yenye majani ya kukwaruza na vichwa vidogo zaidi. Hao ni wenyeji halisi. Sokwe wa Gombe na wa Mahale, kule Kigoma, wameonekana wakimeza majani ya Aspilia mazimamazima bila kutafuna, na watafiti wanaeleza kuwa ukwaruzaji wa majani hayo huwasaidia kusukuma minyoo nje ya matumbo yao. Kwa hiyo anayefyeka kila ua la njano kando ya msitu kwa kudhani kwamba anaondoa mgeni, huenda anamfukuza mwenye nyumba.

Kwa nini wataalamu wa kilimo wanauthamini?

Kwa sababu ya majani yake. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa kilimo mseto, wakiwemo wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao makuu Nairobi, pamoja na wenzao wa taasisi za Kenya za utafiti wa kilimo na misitu, walifanya majaribio mengi katika eneo la Maseno na vijiji vya jirani. Walikuta kwamba majani mabichi ya alizeti pori, yakishakaushwa na kupimwa, yana wastani wa asilimia 3.5 ya naitrojeni, asilimia 0.37 ya fosforasi na asilimia 4.1 ya potasiamu. Viwango hivyo vya naitrojeni vinalingana na vya majani ya mimea jamii ya kunde, na kiwango cha fosforasi kiko juu ya kile cha majani mengi ambayo mkulima angeweza kuyapata kwenye uzio wake.

Wingi wa virutubisho peke yake si hoja, kwa maana yapo majani yenye naitrojeni nyingi ambayo hukaa ardhini miezi kadhaa bila kuoza. Majani ya kaliandra, kwa mfano, yana naitrojeni ya kutosha lakini yamejaa kemikali zinazoifungia, hivyo huiachia polepole sana. Majani ya alizeti pori ni laini, yana kemikali hizo kidogo, na katika msimu wa mvua karibu nusu ya naitrojeni yake huwa imeachiliwa ndani ya wiki moja hivi. Nimewahi kufukia majani hayo Jumatatu kwenye udongo wenye unyevu, nikafukua Jumatatu iliyofuata: kilichobaki ni mishipa mikubwa ya majani, vipande vya vikonyo na harufu kali inayokaribia ya tumbaku iliyolowa, na minyoo ya ardhini ilikuwa imeshafika.

Jambo la tatu linahusu udongo mwekundu. Udongo wa vilima vingi vya magharibi mwa Kenya, na wa sehemu nyingi za Tanzania, Uganda na Burundi, una oksidi za chuma na alumini ambazo huikamata fosforasi na kuishikilia kiasi kwamba mizizi haiwezi kuichukua. Mkulima huweka mbolea ya kupandia, sehemu kubwa ikafungwa ardhini, naye akadhani kuwa ameuziwa mbolea bandia. Majani ya alizeti pori yanapooza hutoa tindikali za asili ambazo hushindania nafasi zilezile kwenye chembe za udongo, na hivyo kiasi fulani cha fosforasi hubaki huru.

Je, alizeti pori hutengeneza rutuba au huihamisha tu?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kabla ya mengine yote, lakini kwa kawaida huulizwa mwishoni, na mara nyingi haliulizwi kabisa. Alizeti pori si mmea wa jamii ya kunde. Haina vinundu kwenye mizizi vyenye bakteria wa kunasa naitrojeni kutoka hewani. Kila gramu ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu iliyomo kwenye jani lake imetoka kwenye udongo uliosimamisha mmea huo, iwe ni kando ya barabara, ukingo wa mfereji au mpaka wa shamba. Mmea huu ni mchukuzi hodari: mizizi yake hukusanya vilivyotawanyika, hata mahali ambapo mazao yangedumaa, na kuvipandisha kwenye majani ambayo unaweza kuyakata kwa panga na kuyabeba.

Ukilielewa hilo, mambo mengi hujipanga yenyewe. Kwanza, hakuna sababu ya kuipanda alizeti pori katikati ya shamba kisha kuyafukia majani yake palepale, kwa kuwa utakuwa umetoa mfuko wa kulia na kuweka wa kushoto. Pili, uzio unaokatwa mwaka baada ya mwaka bila kurudishiwa chochote utachoka, na majani yake yatapungua wingi na ubora. Tatu, anayekata kando ya barabara ya umma anachuma mahali ambapo hakuna anayelima, na hiyo ni faida halisi kwake, ila anayekata mpakani mwa jirani anabeba rutuba ya jirani, jambo ambalo katika vijiji vyenye mashamba madogo limeshaanza kuleta maneno.

Kiasi gani cha majani kinahitajika kwa tuta moja la mboga?

Majaribio mengi yalitumia tani 5 za majani makavu kwa hekta. Kwa mtu mwenye tuta la sukuma wiki lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, kiasi hicho ni kilo 5 za majani makavu. Lakini majani mabichi ni maji matupu, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake, kwa hiyo utahitaji kukata karibu kilo 28 za majani mabichi pamoja na ncha laini za mashina. Nilipoyapima kwa mizani ya kuning'iniza, kilo hizo zilijaza magunia mawili yaliyoshindiliwa kwa goti.

Tuone sasa kilo hizo zimebeba nini. Kwa wastani uliotajwa hapo juu, tuta lile litapata gramu 175 za naitrojeni, gramu 18 hivi za fosforasi na gramu 205 za potasiamu. Ili kupata naitrojeni kama hiyo kutoka kwenye mbolea ya kukuzia ya CAN, ungehitaji zaidi ya gramu 650. Lakini fosforasi yote ya magunia yale mawili ni sawa na iliyomo kwenye gramu 90 tu za mbolea ya kupandia ya DAP, yaani konzi mbili au tatu. Hesabu hii inaonyesha nguvu ya mmea huu na udhaifu wake kwa pamoja: ni tajiri wa naitrojeni na potasiamu, lakini kwa fosforasi ni msaidizi tu, na shamba lenye njaa ya fosforasi halitashiba kwa majani pekee.

Basi nichanganye na nini?

Mchanganyiko uliofanyiwa majaribio Kenya na Tanzania pia, ikiwemo Morogoro, ni wa alizeti pori na fosfeti ya Minjingu, ile inayochimbwa mkoani Manyara. Majani huleta naitrojeni na potasiamu, mwamba uliosagwa huleta fosforasi, na kuoza kwa majani huizuia fosforasi hiyo isifungwe yote na udongo. Asiyepata Minjingu anaweza kutumia nusu ya kiwango cha mbolea ya kupandia pamoja na majani. Samadi iliyoiva nayo inafaa.

Majani yatumiwe vipi hasa?

Kata matawi kabla hayajachanua, kwa sababu mmea ukishaanza kukomaza mbegu ubora wa majani hushuka na una hatari ya kuzipeleka mbegu hizo shambani. Tenga mashina magumu, kisha katakata majani na ncha laini katika vipande visivyozidi upana wa kiganja. Yatandaze kwenye tuta na kuyachanganya na udongo siku hiyohiyo kwa jembe hadi kina cha sentimita 15 hivi. Yakiachwa juu yakauke kwa jua, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani. Udongo uwe na unyevu, kwani katika udongo mkavu hayataoza kwa kasi niliyoieleza. Ni vyema kusubiri wiki moja kabla ya kuhamishia miche ya mboga, kwa kuwa uozaji wa nguvu unaweza kuunguza mizizi michanga.

Kosa la kawaida ni kufukia mashina mabichi yaliyokomaa pamoja na majani. Nililifanya msimu wa kwanza kwa ajili ya uvivu wa kuchambua. Baada ya wiki tatu tuta langu la sukuma wiki lilikuwa na machipukizi kumi na moja ya alizeti pori, yote yamenawiri kuliko sukuma wiki wenyewe.

Inafaa kwa mahindi?

Mahindi huitikia vizuri sana. Hilo halina ubishi. Tatizo ni mabega ya mtu. Tani 5 za majani makavu ni karibu tani 28 za majani mabichi kwa hekta, na lazima yakatwe, yabebwe, yakatwekatwe na kufukiwa, katika majuma yaleyale ambayo kazi ya kupanda imepamba moto. Watafiti waliopiga hesabu ya nguvukazi walifikia uamuzi ambao wakulima wengi walikuwa wameshaufikia bila kalamu: kwa zao la bei ya chini kama mahindi, kubeba majani kutoka mbali hakulipi, ila kwa mboga zinazouzwa kila wiki, kama sukuma wiki na nyanya, kunalipa, hasa pale ambapo uzio uko jirani na bustani. Mwenye kutaka kuitumia kwenye mahindi aanze na robo ya shamba iliyo karibu na uzio.

Je, inaweza kutengenezwa mbolea ya maji?

Inaweza. Majani yaliyokatwakatwa hutiwa kwenye gunia, gunia likafungwa na kuning'inizwa kwenye pipa la maji lililofunikwa, na kukorogwa kila baada ya siku chache. Baada ya wiki mbili hivi maji huwa meusi na yenye harufu ambayo itawafanya wageni waulize kuna nini. Yazimuliwe kwa maji mara mbili au zaidi, na kumwagiwa chini ya mmea, si juu ya majani. Faida yake ni urahisi wa kubeba; hasara yake ni kwamba mtu hawezi kujua kwa hakika ametia kiasi gani cha virutubisho, kwa hiyo isichukuliwe kuwa ni badala kamili ya kufukia majani.

Inapandwa kwa mbegu au kwa vipandikizi?

Vipandikizi ndiyo njia ya haraka. Chagua shina lililokomaa kiasi, lisilo laini kama mchicha wala kavu kama kuni, ukate vipande vya sentimita 20 hadi 40, na uvichomeke kwa kulaza kidogo kwenye udongo wenye unyevu siku hiyohiyo. Vikikaa kwa siku kadhaa bila kupandwa vingi hufa. Mbegu huota pia, ila si kwa uhakika, na mbegu mbichi mara nyingi hulala kwa miezi kadhaa kabla ya kuamka. Zikipandwa zifunikwe kwa tabaka jembamba tu la udongo au nyasi.

Pa kuipanda ni mpakani na kwenye kingo za makinga maji, mbali na mstari wa kwanza wa mazao, kwa kuwa mizizi yake hupigania maji na chakula bila huruma. Ikishashika, ikatwe mara tatu au nne kwa mwaka, na kisiki kiachwe kikiwa na urefu wa goti ili kichipue haraka.

Mifugo inaila?

Mbuzi huila vizuri, ng'ombe huhitaji kuzoeshwa, na kuna wanyama wanaoinusa na kugeuza shingo. Kwa kuwa naitrojeni ya majani ni asilimia 3.5, protini ghafi yake hukadiriwa kuwa karibu asilimia 22, kiwango ambacho mfugaji yeyote atakiheshimu. Nchini Kolombia, ambako huitwa "botón de oro", yaani kifungo cha dhahabu, mmea huu hupandwa makusudi katika malisho ya ng'ombe. Kwetu imebaki kuwa nyongeza ya kiangazi. Yachanganywe na nyasi, yanyaushwe kwanza kwa nusu siku, na yasiwe chakula pekee, kwa sababu zilezile zitakazoelezwa katika swali la dawa.

Na nyuki?

Nyuki huipenda mno. Simama karibu na kichaka kilichochanua saa tatu asubuhi nawe utawasikia kabla ya kuwaona.

Ni kweli kwamba inatibu malaria na maumivu ya tumbo?

Ni kweli kwamba watu wengi, kutoka Kenya hadi Nigeria na São Tomé, huchemsha majani yake kwa ajili ya homa na tumbo, na ni kweli pia kwamba maabara zimetoa kwenye majani hayo kemikali iitwayo tagitinini C, ambayo huua vimelea vya malaria kwenye vyombo vya majaribio. Lakini kemikali hiyohiyo ni sumu kwa chembe hai nyingine, na majaribio ya panya yaliyofanyika Nigeria yalionyesha madhara kwenye figo na ini. Kuua vimelea ndani ya kioo si sawa na kumponya mtu. Mimea ya jamii hii imeshatupa dawa ya kweli ya malaria, kwani artemisinini hutoka kwenye Artemisia annua, ila ilitolewa, ikapimwa na kuwekewa kipimo kabla ya kuingia kwenye dawa mseto tunayopewa zahanati. Alizeti pori haijafika huko. Mwenye homa apimwe, hasa mtoto na mama mjamzito, na mwenye matatizo ya figo asiiguse kabisa kwa kunywa.

Inaweza kuwasha ngozi?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo, hasa wale ambao ngozi zao hukasirishwa na mimea ya jamii ya alizeti kwa jumla. Shati la mikono mirefu linatosha kwa wengi.

Je, ni gugu vamizi?

Ndiyo, na hapa sipendi kuzungusha maneno, maana wapenzi wa mbolea ya majani wana tabia ya kulipitia swali hili kwa haraka. Mmea unaostawi bila kutunzwa, unaochipua kutoka kwenye kipande cha shina, ambao mbegu zake hubebwa na maji na upepo, na ambao kivuli chake huzima kila kinachoota chini yake, una sifa zote za kuvamia. Afrika Kusini imeuweka katika kundi la mimea vamizi ambayo kisheria mwenye ardhi anatakiwa kuidhibiti. Nchini Nigeria ni gugu linalojulikana sana kando ya barabara na katika mashamba yaliyoachwa.

Msimamo wangu ni huu: palipo na alizeti pori tayari, itumike, tena ikatwe mara kwa mara, kwa kuwa mmea unaokatwa kabla ya kuchanua hautoi mbegu. Pasipokuwepo, na hasa karibu na misitu ya asili, mito na hifadhi, usiwe wewe wa kuipeleka. Rutuba ya tuta moja la mboga haitoshi kulipia ukingo mzima wa msitu.

Nitaiondoaje mahali nisipoitaka?

Kufyeka peke yake ni kuipogoa. Ifyeke kabla haijakomaza mbegu, kisha chimba kisiki pamoja na mizizi mikubwa, na mashina yaliyokatwa yaanikwe juu ya mawe au jukwaa hadi yakauke kabisa, kwani yakilala kwenye udongo wenye unyevu yatatoa mizizi. Rudi kila baada ya mvua kung'oa miche inayotokana na mbegu zilizolala ardhini, na panda nyasi au maharage yanayotambaa ili kufunika udongo. Kazi hii huchukua misimu kadhaa.

Je, kuna mahali ambapo watu huipenda kwa uzuri wake tu?

Wapo. Kaskazini mwa Thailand, katika mkoa wa Mae Hong Son, kuna kilima kiitwacho Doi Mae U Kho ambacho kila Novemba hufunikwa na maua haya, na watalii husafiri mbali kwenda kupiga picha. Huko Da Lat, Vietnam, yakichanua watu husema kuwa mvua zimekwisha. Ni mmea uleule ambao kijijini kwetu hukatwa kwa panga bila hata kutazamwa usoni.

Mabua yake makavu yanafaa kuni?

Yanafaa kuwashia, si kupikia maharage. Huwaka haraka, hutoa moshi mchache yakikauka vizuri, na kwisha kabla sufuria haijachemka. Majivu yake yarudishwe chini ya uzio ulikoyakata, kwa kuwa potasiamu bado imo ndani yake.